Roboti, Mjukuu wa Shokoa

Mtu aliyekulia Kilwa au Lindi hahitaji filamu ya Marekani kumjua roboti. Habari zake alishapewa utotoni, usiku, kwa sauti ya chini. Ni msukule: mtu aliyezikwa akaliliwa, kumbe kachukuliwa, kakatwa ulimi asije akasema, analishwa pumba, na giza likishaingia analimishwa shamba la aliyemchukua. Wamakonde humwita lindandosa. Hachoki, hadai ujira, jina hana tena. Mwili upo, hiari haipo.

Kama msukule yupo au hayupo, nawaachia wenye ushahidi. Mimi nimevutwa na jambo jingine. Mwaka 1920, mbali kabisa na mikorosho ya Lindi, mwandishi Mcheki Karel Čapek aliandika tamthiliya yenye kiumbe huyuhuyu, akampa jina ambalo sasa linajulikana dunia nzima. Tamthiliya iliitwa R.U.R., na ilianza kuigizwa Januari 1921. Wengi wetu tunadhani roboti wa kwanza alikuwa wa bati na skrubu. Roboti wa Čapek ni wa nyama. Kiwandani kwao kuna mabirika ya kukandia, mapipa ya maini na bongo, na mashine za kusokota mishipa na utumbo kama zisokotavyo nyuzi za katani. Wanatoka humo na sura ya mtu, nguvu za mtu, akili ya mtu, ila hakuna wanachokitaka. Mmatumbi wa milima iliyo nyuma ya Kilwa akiketi katika ukumbi ule asingehitaji maelezo marefu. Angemnong'oneza jirani yake tu: misukule hao.

Jina lenyewe lilitoka kwa Josef, kaka yake Karel, aliyekuwa mchoraji. Kwa Kicheki robota ni kazi ambayo mkulima alilazimika kumfanyia kabaila wake bure, desturi iliyofutwa katika dola ya Austria mwaka 1848. Kiswahili kina neno lake la zamani kwa jambo hilo: shokoa. Wafasiri wetu wangelikuwa na ujasiri kidogo, leo tungesema "mshokoa". Tukaazima "roboti", neno ambalo lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kudondosha maana yake njiani, likabaki na sauti ya bati tu.

Na shokoa Kilwa Kivinje inaijua. Katika karne ya 19 huu ndio uliokuwa mji mkubwa wa kusafirisha watumwa katika pwani yetu ya kusini. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni. Mkataba wa 1873, ambao Sultani Barghash aliusaini kwa shinikizo la Waingereza, uliifunga bahari na masoko ya hadharani. Nchi kavu mambo yaliendelea. Tanganyika ilikuja kuufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Mwaka huohuo R.U.R. ilipanda jukwaani New York, na Wamarekani wakaanza kulizoea neno "roboti". Kwa hiyo mtumwa alipokuwa anatolewa katika sheria za huku, mrithi wake alikuwa anakaribishwa katika maigizo ya kule. Hata huku hakutoka mara moja. Kwenye mashamba ya mkonge vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Mwisho wa R.U.R. roboti wanaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mmoja, Alquist. Wanamwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake, kama wao. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika tamthiliya ile, nayo ndiyo waigaji wa Čapek walioisahau upesi. Walichokumbuka ni damu. Kwa miaka 20 iliyofuata majarida ya hadithi za sayansi yalijaa roboti wanaowageuka waliowaunda.

Kijana mmoja wa New York, Isaac Asimov, alichoshwa na mtindo huo. Kisu huwekewa mpini ili kisimkate anayekishika. Mashine nayo, alihoji, itawekewa kinga yake. Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha hadithi iitwayo "Runaround" na ndani yake akaziandika zile kanuni tatu mashuhuri. Kwa maneno yangu ni hivi: roboti asimdhuru binadamu wala asimwache adhurike, amtii binadamu, ila pale utii utakapoleta madhara, na ajilinde mwenyewe, mradi kujilinda huko kusivunje kanuni mbili za mwanzo.

Hadithi inatupeleka sayari ya Zebaki, jirani wa Jua. Watu wawili, Powell na Donovan, wanamtuma roboti wao Speedy akachote seleni kwenye dimbwi lililo umbali wa kilomita kama 27. Bila seleni hiyo vifaa vya kuwakinga na joto vitakufa, nao pia. Saa zinapita, Speedy harudi. Wanamkuta analizunguka dimbwi kama kuku aliyefungwa kamba kwenye mti, anaimba na kubwabwaja kama mlevi. Kumbe amri aliyopewa ilitolewa kwa ulegevu, haikukaziwa, kwa hiyo kanuni ya utii inamsukuma kidogo tu kwenda mbele. Karibu na dimbwi kuna gesi inayokula chuma, na kwa vile Speedy ni wa bei mbaya, kanuni yake ya kujilinda ilizidishwa nguvu kiwandani. Akisogea, hofu inamrudisha. Akirudi, amri inamvuta. Kuna mahali nguvu hizo mbili zinalingana, na mahali hapo ni duara. Analizunguka.

Anayeunda roboti leo anaujua mtego huo, tena si kwa kuusoma hadithini. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Oussama Khatib alieleza njia ya kuiongoza mashine isigonge vitu: ichukulie kwamba pale inapotakiwa kwenda kuna mvuto, na kila kizuizi kina nguvu ya kuisukuma iondoke. Kompyuta inajumlisha nguvu zote, na mashine inafuata upande jumla inapoelekea, kama maji yanavyofuata mteremko. Njia hii ni nyepesi, haihitaji hesabu nyingi, na bado inafundishwa vyuoni. Lakini maji yakifuata mteremko huweza kuishia kwenye kidimbwi kabla ya kufika baharini. Mashine ikifika mahali ambapo mvuto na msukumo vimelingana, inasimama hapo au inayumba huku na huku, lengo likiwa mbele yake. Tiba zipo: kuitikisa kidogo bila mpango ili itoke shimoni, au kuipa ramani nzima badala ya kuiachia ipapase. Powell alitumia tiba nyingine. Alitoka mwenyewe kwenye jua kali hadi akawa hatarini kufa, na kanuni ya kwanza ikamtoa Speedy kwenye duara lake. Aliongeza bonde jipya kwenye mteremko.

Kwa hiyo Asimov alilinusa tatizo miaka 40 kabla. Kanuni zenyewe, hata hivyo, hazijawahi kufungwa ndani ya mashine yoyote kama alivyoziandika, na sababu ni rahisi. Kihisio hupima umbali, joto, mgandamizo, nguvu ya kusukuma. Hakuna kihisio kinachopima "madhara". Roboti ya kiwandani inayofanya kazi kando ya watu huwekewa vipimo: nguvu ikizidi kiasi hiki, simama, mtu akikaribia kiasi hiki, punguza mwendo.

Sasa zisome kanuni zile tatu ukiwa Kivinje. Weka "mtumwa" mahali pa "roboti" na "bwana" mahali pa "binadamu". Usimdhuru bwana. Mtii bwana. Jitunze, maana umenunuliwa kwa fedha. Zinasomeka bila kukwama hata neno moja! Asimov mwenyewe nadhani alilijua hilo. Katika hadithi hiyohiyo mna roboti wa zamani, wakubwa, ambao hawawezi kutembea bila binadamu kuwapanda mabegani, na wanapojibu humwita "Bwana". Pwani hii ilishaona mabwana wakibebwa mabegani kwa machela.

Isije ikadhaniwa kwamba roboti na mtumwa wanakutana vitabuni tu. Ng'ambo ya bahari yetu, Qatar na Falme za Kiarabu, mashindano ya ngamia kwa miaka mingi yaliendeshwa na watoto wadogo, kwa kuwa ngamia hukimbia zaidi akibeba uzito mdogo. Wengi waliletwa kutoka nchi maskini, zikiwamo Sudan, Pakistani na Bangladeshi, baadhi wakiwa bado wa umri wa kushika mkono wa mama. Mwaka 2005 Qatar na Falme za Kiarabu zilipiga marufuku watoto, na mahali pao zikafungwa roboti ndogo zenye mjeledi unaozunguka, zimevishwa kofia na fulana ya rangi, zikiendeshwa kwa rimoti na wenye ngamia wanaokimbiza magari kando ya njia. Wapenda michezo wanazicheka. Mimi sijaona kazi nyingine ya roboti yenye heshima kuliko hiyo.

Kuhusu kiumbe kumshinda aliyemuumba, Wazungu huanzia kwa Mary Shelley na kitabu chake cha 1818, Frankenstein. Sisi tuna cha kwetu, tena cha milima hiyohiyo iliyo nyuma ya Kilwa. Mwaka 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Shokoa tena. Dawa ya maji iliyotoka kwa Kinjikitile kule Ngarambe ikaunganisha makabila, vita ikasambaa kusini nzima. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii, alipoandika tamthiliya yake Kinjeketile mwaka 1969, alimwonyesha mtu anayezaa neno, kisha neno linakua, linatembea lenyewe, na aliyelizaa hana tena uwezo wa kulirudisha. Hakuna chuma humo, hakuna betri. Lakini ndiyo hadithi bora ya roboti niliyowahi kusoma kwa Kiswahili, na inaizidi ya Shelley kwa jambo moja: inasimuliwa kutoka upande wa walioasi.

Roboti halisi ya Lindi iko baharini. Mwaka 2012 kampuni ya Norwei, iliyoitwa Statoil wakati huo, ilitangaza gesi katika kisima cha Zafarani, mahali penye kina cha zaidi ya mita 2,500. Baadaye vikaja visima vya Lavani, Tangawizi, Mdalasini na Giligiliani, utadhani wanapika pilau. Kampuni za vitalu vya jirani nazo ziliita vya kwao Pweza, Chaza, Jodari. Mzamiaji wa kazi za viwandani, kwa vifaa vyote vya kisasa, anaishia mita mia tatu na kitu. Kwenye mita 2,500 kila sentimita moja ya mraba inabanwa na uzito wa kilo 250, robo tani juu ya ukucha wa kidole gumba, na giza ni la kaburi. Kule inashuka mashine yenye ukubwa wa gari dogo: taa, kamera, mapangaboi ya kuisukuma, mikono miwili ya kushika na kukaza.

Mawimbi ya redio hayapenyi mbali katika maji ya chumvi, kwa hiyo haiwezi kuongozwa kama droni. Inashuka na waya mnene kama kitovu, wenye umeme na nyuzi za kioo zinazopitisha picha, na juu melini rubani amekaa mbele ya skrini na kuiendesha kwa mkono. Kompyuta husaidia mambo madogo: kipimo cha mgandamizo kinasema kina kimebadilika, mapangaboi yanaongezwa au kupunguzwa, mashine inabaki palepale hata mkondo ukiisukuma. Mgongoni imebeba povu gumu lililochanganywa na vijiputo vya kioo ili isizame kama jiwe, na kwa kawaida hupimwa iwe nyepesi kidogo kuliko maji. Waya ukikatika inaelea juu yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni yake ya tatu, nayo imeandikwa kwa povu.

Msomaji wa ngeli ameshaliona jambo. Katika makala hii roboti wa vitabuni "wanaasi", za ngamia "zimevishwa", ya Lindi "inashuka". Roboti ni mtu au kitu? Kiingereza kinaweza kulikwepa swali hilo ukurasa mzima. Kiswahili kinalidai kwenye kitenzi cha kwanza. Gatini Kivinje pembe za ndovu zilifika, sandarusi ilifika, lakini mtumwa alifika, na hata aliyemtia bei hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Atakayeketi kuwatafsiri Čapek na Asimov kwa Kiswahili, namwomba jambo moja: roboti wao wote awaandike kwa a- na wa-, tangu sentensi ya kwanza.