Jora, Mkasi na Daftari

Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lawafaa hasa jamaa zetu wa Lubumbashi wanaonunua kitambaa kwa majora na kukiuza vipande vipande, sokoni Kenya, kule Katuba, au barazani kwao. Mwuza vyungu huhesabu vyungu vyake jioni akajua vilivyosalia. Lakini jora likiisha kuguswa na mkasi, macho hayawezi tena kulihesabu.

Tufanye hesabu, nanyi wanafunzi shikeni kalamu. Shule zikaribiapo kufunguliwa mwezi wa Septemba, wazazi hutafuta kitambaa cheupe na cha buluu cha kushonea sare. Tuseme mama amenunua jora la mita 40 kwa dola 80, yaani dola 2 kila mita. Yeye auza mita kwa dola 2 na nusu. Atumaini kupata dola 100, na faida yake iwe dola 20.

Wateja wake wote wataka mita 2, basi angojea vipande 20. Lakini kila akatapo, mkono wazidisha sentimita 3, kama upana wa vidole viwili. Baada ya vipande 19, zimekwisha kutoka mita 38 na sentimita 57. Masalio ni mita 1 na sentimita 43, nayo hayamtoshi mteja wa ishirini. Dola 5 zimelala kapuni, na hiyo ni robo ya faida yote!

Vikwembe navyo vina mtego wao. Kipande kizima ni yadi 12, ndivyo vikwembe 6 vya yadi 2. Yadi si mita: yadi 12 hazifiki hata mita 11. Aandikaye mita 12 ameandika mita moja isiyokuwapo.

Hapo ndipo shuku huingia nyumbani. Baba auliza fedha za karo ziko wapi. Mama amtazama kwa jicho baya binti wa ndugu yake aliyekaa dukani. Labda binti hana kosa lolote, ila hana cha kujitetea nacho.

Dawa yake ni nyepesi. Kila jora lipewe namba na ukurasa wake. Lipimwe siku ile ile lifikapo, maana si kila jora lina urefu ulioandikwa juu yake. Andikeni tarehe, urefu na bei ya kila mita. Kila mkasi ukatapo, andikeni kilichotoka na kilichobaki, kabla ya kuzipokea fedha. Jumamosi jioni lipimeni jora tena, mlinganishe na daftari. Masalio yawe na ukurasa wao na bei yao: hufaa nguo za watoto na foronya za mito. Na kwa kuwa mjini petu dola na faranga hutembea pamoja, chagueni fedha moja ya kuandikia, mkiandika na kiasi cha kubadilishia cha siku hiyo.

Msidhani kwamba kazi hii ni ya kidunia tu. Mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, ndiye aliyeeleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494 namna wafanyabiashara waandikavyo hesabu zao pande mbili. Naye aliwashauri waanze daftari kwa jina la Mungu.

Amri ya saba yatukataza kuiba. Basi asiwepo wa kuvuta kitambaa ili mita ipungue, akijilipa hasara yake kwa mteja maskini. Amri ya nane yatukataza kumsingizia mwenzetu. Daftari lililoandikwa vema hutusaidia kuzishika zote mbili: humhakikishia mteja haki yake, na humlinda binti aliye dukani.