Nyumba za bei nafuu: fungu la mwenye mapato madogo

Mji wa mpaka kama Kasindi-Lubiriha unavuta watu wengi: wafanyabiashara, wenye kazi ya forodha, na pia familia zinazokimbia vita. Wote wanatafuta nyumba, na bei inapanda.

Kuna miji iliyotafuta dawa ndani ya ruhusa ya kujenga. Tajiri anayetaka kujenga nyumba nyingi anapewa ruhusa akikubali kuachia fungu moja kwa wenye mapato madogo. Ili asipate hasara, mji unaweza kumruhusu aongeze nyumba zingine kwenye kiwanja kile kile.

Johannesburg, Afrika Kusini, iliweka utaratibu huo mwaka 2019: anayejenga nyumba 20 ao zaidi, asilimia 30 ziwe za bei nafuu. Yaani kwa nyumba 20, sita. Hivyo maskini hasukumwi mbali na soko, masomo na hospitali.

Kwetu wengi wanajenga nyumba moja moja, kwa hiyo sheria ya namna hiyo ingegusa watu wachache. Nguvu iko katika kugawa viwanja. Tangu sheria ya 1973, udongo ni mali ya Serikali. Pale mahali papya panapokatwa viwanja, fungu la wanyonge lingetengwa mapema, mbele ya bei kupanda.

Kwa sasa, mpangaji ana kinga moja: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti kupita miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Ukiombwa miezi 6, taja sheria hiyo, na kwa kila malipo uombe karatasi.