Kijani Gani?

Sare ya klabu yetu imejadiliwa muhula mzima, na sasa limebaki jambo moja tu: rangi. Wengi wanataka kijani. Nami pia nakitaka. Lakini kabla hatujampelekea fundi kazi, wanaklabu wenzangu, tuulizane: kijani gani, na kivaliwe wapi mwilini?

Tuanze na neno lenyewe. Vivumishi vya asili vya rangi katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunaziita kwa majina ya vitu. Kijivu kimetokana na jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, na kijani kimetokana na jani. Wenyeji wetu hapa Guangzhou wana neno lü, ambalo ni kijani, lakini wana pia neno kongwe, qing. Majani mabichi ni qing, na anga nayo ni qing. Kwa hiyo hata tukikubaliana "kijani", huenda kila mmoja ana chake kichwani.

Wengine wamependekeza fulana ya kijani yenye maandishi ya njano. Inapendeza. Ila ukishuka nayo Dar es Salaam wakati wa likizo, utaulizwa kama wewe ni wa CCM au wa Yanga, na shabiki wa Simba atakusalimu kwa shingo upande.

Kofia ndiyo hatari zaidi. Kwa Mwislamu wa pwani kijani ni rangi ya heshima. Kurani inawataja watu wa peponi wakiwa katika mavazi ya hariri ya kijani. Lakini kwa Kichina, kusema mwanamume amevaa kofia ya kijani ni kusema mkewe ana mwanamume mwingine. Tukiwagawia wenzetu wa Kichina kofia hizo, hakuna atakayeivaa nje ya lango.

Kijani ninachokipendekeza kina historia hapa hapa Huangpu. Katika kijiji cha Miaotou lipo hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililoanzishwa mwaka 594. Mabaharia waliotoka Guangzhou walisimama hapo kuomba safari njema. Watu huliita pia hekalu la Boluo, jina linalohusishwa na mafenesi, yale yale tunayoyajua Unguja na Pemba. Hadithi inasema mjumbe kutoka ng'ambo alipanda miche ya mifenesi pale, akachelewa, na meli ikamwacha. Sanamu yake imeweka kiganja juu ya macho, inatazama baharini. Sisi tuliokuja kusoma mbali na kwetu hatuhitaji kufafanuliwa sanamu hiyo.

Kwa karne nyingi meli za bandari za kusini mwa China zilipakia vyombo vya kauri vya kijani, ambavyo Wachina huviita qingci. Vilivyosifika sana vilitoka Longquan, mkoani Zhejiang. Vipande vya vyombo hivyo vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Kijani chake hakikupakwa kwa brashi. Ni chuma kidogo kilichomo katika utando wa kioo unaofunika udongo, kikachomwa katika tanuri lililonyimwa hewa. Hewa ikizidi, chuma kile kile hutoa njano au kahawia.

Basi pendekezo langu ni hili: fulana ya kijani cha qingci, kilichopoa, chenye kijivu kwa mbali, na maandishi meupe. Ni rangi iliyofika kwetu pwani kabla yetu sisi kufika huku, na Mchina na Mswahili wote wanaweza kuivaa bila kujieleza. Kofia tuziache, fedha zake zinunue mikoba ya vitabu.

Hoja hii naileta kikaoni. Mwenye rangi nyingine na ailete, ila aje na sababu yake.