Shamba la mahindi, bustani ya vipepeo: toka Kibarani twende Gede

Wikendi ikifika, vijana wengi wa Kibarani na Kilifi mjini huwaza mambo mawili: ufuo au mechi. Kuna la tatu, na halitakumaliza mfuko. Panda matatu ya Malindi, ushuke Gede, mwendo wa kilomita 45 hivi. Hapo, kwenye uwanja wa magofu, kuna bustani ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo.

Njiani, weka simu mfukoni kidogo utazame nje. Utapita minazi, mikorosho, mahindi na mihogo. Kisha, upande wa kushoto, unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba.

Hapo shamba linapokutana na msitu ndipo penye stori yenyewe. Mapema miaka ya 1990, wakulima wengi wanaopakana na msitu huo walitaka ufyekwe ili wapate mahali pa kulima. Walikuwa na sababu. Tembo na nyani walikuwa wakitoka msituni na kula mimea yao, na msitu wenyewe haukuwaingizia hata ndururu. Mtu anayehangaikia karo ya watoto, utamweleza nini kuhusu uzuri wa ndege?

Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ukaja na jibu la pesa, si la mahubiri. Mkulima anatenga kipande cha shamba lake, anapanda miti na mimea ambayo viwavi hula, kisha anajenga kibanda cha neti. Vipepeo wazazi hukamatwa msituni na kuwekwa ndani ya neti hiyo watage mayai. Kila aina ina chakula chake: kuna kipepeo ambaye viwavi wake hutafuna majani ya mlimau na mchungwa, na ukiwapa jani lingine watakufa njaa. Kiwavi akishakua hugeuka pupa, na pupa ndiyo bidhaa.

Pupa hupelekwa Gede, hukaguliwa, hupakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Hapa hakuna mchezo na saa. Kipepeo akitoka kwenye pupa kabla ya kufika, hiyo hasara.

Umeona ujanja wake? Ukifyeka msitu, hupati tena vipepeo wa mbegu. Yaani jirani yule yule aliyetaka miti ikatwe sasa ana sababu ya kuilinda.

Lakini tusidanganyane, kazi hii ina presha yake. Mwaka 2020, corona ilipofunga anga na maeneo ya burudani ng'ambo, soko lililo mbali namna hiyo liliumia. Anayetegemea mnunuzi mmoja wa mbali hushikwa pabaya mambo yakibadilika. Kilifi tunalijua hilo: kiwanda cha korosho kilipofungwa miaka ya 1990, mikorosho ilibaki lakini bei haikubaki. Ndiyo maana wafugaji wengi wa vipepeo bado wana mahindi upande wa pili wa boma.

Ukimaliza kuangalia vipepeo, tembea magofuni. Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, jumba la mfalme, visima na nyumba za mawe ya matumbawe. Vyombo vya kauri kutoka China vilichimbuliwa hapa. Watu waliuhama kufikia karne ya 17, msitu ukaumeza. Julai 2024, UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mibuyu imesimama palipokuwa na vyumba, na kima wanarukaruka juu ya kuta. Ficha ndizi zako.

Beba kitambulisho, kwani raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni. Nenda asubuhi jua likichomoza vizuri. Vipepeo hupenda joto, siku ya mawingu hulala tu. Na usiwaguse mabawa.

Siku hizi mashamba mengi ya Kilifi yanakatwa vipande na kuuzwa ploti, na sahihi mara nyingi ni ya mzee lakini presha ni ya vijana wa nyumbani. Kabla hujamwambia mzee auze, nenda ukaone kinachoweza kutoka kwenye robo eka, mlimau mmoja na neti.