Kuni Kavu Kwanza, Boila Baadaye

Ule moshi mzito unaofuka kwenye tanuri la mchoma mkaa ni nishati inayopotea. Kuni zikipashwa moto penye hewa haba, sehemu kubwa ya uzito wake hugeuka mvuke na gesi zinazoweza kuwaka. Kinachobaki ndicho mkaa. Boila ya gesi ya kuni, iliyozoeleka mashambani Austria, Ujerumani na Sweden kwa kupasha nyumba joto wakati wa baridi, imeundwa ili iuchome moshi huo.

Kuni hujazwa chumba cha juu. Feni hulazimisha moto ushuke badala ya kupanda, gesi ikapenya kwenye tundu la kauri, ikakutana na hewa nyingine iliyokwisha kupata moto, na kuwaka chumba cha chini kwa nyuzijoto 1,000 na zaidi. Boila nzuri hupeleka kwenye maji karibu asilimia 90 ya nishati ya kuni, na dohani yake haitoi moshi wa kuonekana.

Mnunuzi kwa kawaida huanza kuuliza kilowati. Mimi humwuliza kwanza kuni zake ziko wapi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na kilo yake moja hutoa kilowati-saa 2 na ushei. Kilo ya kuni zenye maji asilimia 20 hutoa takriban 4. Basi kuni zipasuliwe, zipangwe penye upepo, zifunikwe juu tu, ubavuni zibaki wazi. Msonobari huhitaji mwaka hivi, mwaloni miwili au zaidi. Ukipima unyevu, pasua gogo upya na uchome sindano za kipimo kwenye uso wa ndani, maana ganda la nje hudanganya. Kipimo hicho huhesabu maji dhidi ya uzito wa kuni tupu, kwa hiyo kikisoma 25, gogo zima lina maji asilimia 20. Hapo unaweza kuwasha.

Kisha tangi. Boila hii haiwezi kuwaka nusunusu: ukiibana hewa, joto hushuka na gesi huganda kuwa lami kwenye kuta zake. Iache iwake kwa nguvu zote, joto lihifadhiwe kwenye maji. Kanuni za Ujerumani zilizoanza kutumika 2010 zinadai angalau lita 55 kwa kila kilowati, yaani lita 1,100 kwa boila ya kilowati 20. Kwa maoni yangu hizo ni chache. Kilo 30 za kuni kavu hutoa kama kilowati-saa 108 baada ya upotevu, na lita 2,000 zikipanda kutoka nyuzi 40 hadi 80 hubeba 93 hivi. Kinachozidi hutumiwa na nyumba moto ukiwa bado unawaka.

Maji yanayorudi kwenye boila yasiwe chini ya nyuzi 55 hadi 60, la sivyo kuta za chuma hutoa jasho lenye asidi na kutu huanza. Fundi aweke vali na pampu ya kuyachanganya. Umeme ukikatika pampu husimama, lakini moto haujui. Ndiyo maana kuna vali ya usalama inayofunguka karibu na nyuzi 95 na kupitisha maji baridi ya bomba. Wenye visima vya pampu wasiitegemee, kwa kuwa umeme ukienda, maji nayo yameenda. Wao wanahitaji betri ya akiba.

Mlango wa juu usifunguliwe ovyo moto ukiwa katikati. Gesi iliyomo ina kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. King'ora chake ni cha lazima.

Sasa kilowati. Nyumba inayopoteza kilowati 6 siku ya baridi kali inahitaji kilowati-saa 144 kwa siku: ujaze asubuhi, uongeze kidogo jioni. Hesabu ikikuonyesha kujaza mara nne, pesa ya boila kubwa ianze kuziba dari na madirisha.