Pomboo, Wachimbaji na Jicho la Kamera: Juu ya Filamu za Hali Halisi na Mabishano Yake

Salamabila, katika wilaya ya Kabambare kusini mwa jimbo la Maniema, ni mji wa dhahabu. Mgodi wa Namoya ulio karibu nao ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Banro. Ulitoa dhahabu yake ya kwanza ya kiwandani mwishoni mwa mwaka 2013, ukasimamishwa mwaka 2019 kwa kukosekana kwa usalama. Kabla ya mgodi huo na baada yake, watu wengi wa huko wamejipatia riziki kwa sururu, koleo na karai. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki, na pomboo hajulikani ila kwa jina la vitabuni. Hata hivyo, ugomvi uliozuka duniani juu ya uwindaji wa pomboo una jambo ndani yake ambalo mchimbaji wa Kabambare aweza kulitambua mara moja. Jambo lenyewe ni hili: mtu mmoja hupigwa picha akiwa kazini, mtu mwingine aliye mbali huitazama picha hiyo na kukasirika, kisha hatua huchukuliwa, na mzigo wa hatua hiyo humwangukia yule aliyepigwa picha.

Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa kupitia filamu za hali halisi, yaani zile zinazodai kuonyesha mambo kama yalivyo, pasipo waigizaji wala kisa cha kubuni. Swali linaloulizwa si kama filamu hizo husema kweli au uongo, kwani aghalabu husema kweli. Swali ni kweli ipi inayoweza kuingia katika kamera, na ipi inayobaki nje.

Hori la Taiji

Filamu iliyoufanya uwindaji wa pomboo kuwa jambo la dunia nzima ni The Cove, iliyoongozwa na Louie Psihoyos na kutolewa mwaka 2009. Jina lake lina maana ya hori, na hori lenyewe liko Taiji, mji mdogo wa wavuvi nchini Japani. Mwongozaji aliandamana na Ric O'Barry, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa mfunzaji wa pomboo waliotumiwa katika mchezo wa televisheni ulioitwa Flipper, na ambaye baadaye aliigeukia kazi hiyo na kuipiga vita maisha yake yote. Utubu huu wa mtu mmoja ndio unaoibeba filamu.

Namna ya kuwinda Taiji yaeleweka kwa urahisi. Mashua hutoka na kujipanga baharini. Kila mashua huteremsha nguzo za chuma majini, na wavuvi huzigonga kwa nyundo. Pomboo hutegemea sauti katika kujua njia, kwa hiyo kelele hiyo huwa kama ukuta, nao huukimbia hadi wakajikuta ndani ya hori na nyavu zimefungwa nyuma yao. Wachache huchaguliwa kuuzwa hai kwa mabwawa ya maonyesho, na bei yao hupita mbali sana bei ya nyama. Waliobaki huuawa. Kwa kuwa wenyeji hawakuruhusu mtu kutazama mauaji hayo, watengenezaji wa filamu waliingia usiku, wakaficha kamera ndani ya mawe ya bandia yaliyotengenezwa na mafundi wa sinema. Picha walizopata, za maji yaliyogeuka kuwa mekundu, ndizo zilizoipatia filamu tuzo ya Oscar mwezi Machi mwaka 2010.

Majibu ya Japani yalikuwa ya namna nyingi. Makundi ya wazalendo yaliandamana mbele ya majumba ya sinema, baadhi ya majumba hayo yakaogopa na kughairi, na filamu ilipoanza kuonyeshwa kwa umma huko mwezi Julai mwaka 2010, nyuso za wavuvi zilikuwa zimefifizwa zisitambulike. Wavuvi wenyewe walidai kwamba mji wao umewinda nyangumi tangu karne ya 17, na kwamba mlaji wa nyama ya ng'ombe hana haki ya kumhukumu mlaji wa pomboo. Dai la kwanza lina ukweli nusu, kwani uwindaji wa nyangumi Taiji ni wa kale, lakini uvuvi wa kufukuza pomboo kwa mpangilio wa sasa ulishika mizizi mnamo mwaka 1969. Dai la pili halijapata jibu la kuridhisha, wala filamu haikujaribu kulijibu.

Kuna pia suala la hesabu. Filamu ilitaja idadi ya pomboo 23,000 wanaouawa kwa mwaka. Idadi hiyo ilihusu Japani nzima, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya pomboo wadogo waliopigwa kwa chusa katika bahari ya kaskazini, mbali sana na Taiji. Huko kaskazini hapakuwa na hori wala ukuta wa kuficha, bali mashua moja moja katika maji mapana na baridi, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kutosha kumsisimua mtazamaji. Mji uliotoa sehemu ndogo ya hesabu ndio uliobeba lawama yote. Baadaye Wajapani wawili walijibu kwa filamu zao, Keiko Yagi mwaka 2015 na Megumi Sasaki mwaka 2016. Ya Sasaki ndiyo iliyo na subira zaidi, kwa sababu inawaacha wavuvi na wapinzani wao wazungumze. Haikupata hata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza, jambo lisilostaajabisha.

Je, uwindaji ulikoma? La. Ulipungua, na mwaka 2015 chama cha mabwawa ya wanyama cha Japani, baada ya kusimamishwa uanachama na chama cha dunia, kiliamua kutonunua tena pomboo wa Taiji. Lakini kila mwezi Septemba msimu hufunguliwa upya.

Kizimkazi pasipo filamu

Katika nchi za Waswahili uwindaji wa pomboo ulikuwapo pia, na historia yake yafaa kulinganishwa na hiyo ya Taiji. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ni mji unaofahamika kwa msikiti wake wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra. Wavuvi wa Dimbani na Mkunguni waliwapiga pomboo kwa chusa na kuwanasa kwa nyavu. Nyama ilikuwa chambo cha papa, na mafuta yaliyochemshwa yalipakwa vyombo ili maji yasipenye. Haikuwa kazi ya siri wala ya aibu. Pomboo alikuwa kifaa cha kumpatia mvuvi papa, na papa ndiye aliyekuwa na soko.

Mnamo mwaka 1992 wageni walianza kufika Kizimkazi kuwatazama pomboo. Mvuvi aliyekuwa na mashua na injini akaona kwamba pomboo aliye hai humlipa leo, na kesho, na kesho kutwa, ilhali aliyekufa humlipa mara moja. Kufikia mwaka 1996 uwindaji wa makusudi ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata eneo la Ghuba ya Menai lilitangazwa kuwa hifadhi. Hapakuwa na kamera ndani ya mawe, wala maandamano, wala tuzo. Hakuna mtu aliyemwita mvuvi wa Kizimkazi katili mbele ya dunia, naye hakuwa na sababu ya kujitetea kwa kisingizio cha mila. Pengine ndiyo maana aliweza kuiacha kazi hiyo bila ya kushindwa na mtu.

Hata hivyo habari haikuishia hapo, na ingekuwa kosa kuifanya ngano ya wema. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na wenzao wa Sweden walipowahesabu pomboo wa pwani hiyo, waliwakuta wa aina kubwa zaidi kwa wingi kuwa kati ya 136 na 179 tu. Kisha wakagundua kwamba waliendelea kufa kwa wingi kuliko kizazi kingeweza kufidia. Aliyewaua sasa hakuwa mwindaji, bali jarife, yaani wavu wenye matundu mapana utegwao usiku kwa ajili ya papa, jodari na nduaro. Makisio ya mwaka 2003 na 2004 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 9 ya pomboo hao walikufa katika nyavu kwa mwaka mmoja. Mvuvi hakuwataka, humpasulia wavu na kumpotezea usiku mzima. Na wale wageni waliomwokoa pomboo kutoka kwenye chusa nao wakawa mzigo: mashua zilipomzunguka na waogeleaji kumrukia, alipungukiwa na muda wa kupumzika na wa kujilisha, kama uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulivyoonyesha.

Hapa ndipo udhaifu wa kamera unapoonekana wazi. Jarife haina tendo la kupigwa picha. Hakuna mkono ulioinuliwa, hakuna kelele, hakuna damu. Kuna giza, kamba na boya. Mnyama huyu, ambaye si samaki na hupumua hewa, hushikwa chini na kuzama. Mtalii mwenye kamera shingoni hurudi kwao na picha ya pomboo anayecheza, na picha hiyo ni ya kweli kabisa.

Mara moja tu kamera za dunia zilielekezwa kwa pomboo waliokufa Zanzibar. Mwishoni mwa Aprili mwaka 2006, mizoga ipatayo 400 ilielea na kutupwa pwani ya Nungwi, kaskazini mwa kisiwa. Picha zilienea, na pamoja nazo dhana kwamba mitambo ya sauti ya manowari za Marekani ndiyo iliyowapoteza njia. Jeshi la nchi hiyo lilikana. Wataalamu walipowapasua hawakupata sumu, na sababu haikuthibitishwa. Picha ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake kabla ya kisu cha mtaalamu.

Aliyepigwa picha na haki ya kujibu

Waswahili wa bara wameyaonja mambo haya kwa ukali zaidi, na tena kwa habari ya samaki. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilionyesha biashara ya sangara mjini Mwanza: ndege zinazopeleka minofu Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayobaki kwa maskini. Ilidokeza kwamba ndege hizo huja na silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani katika hotuba, na watu wa Mwanza wakaandamana. Mwanahistoria Mfaransa, François Garçon, aliandika kitabu cha kuipinga. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi. Kinachostahili kuangaliwa ni mahali pa mabishano. Wakosoaji, waandishi, majaji na watoa tuzo walikuwa Ulaya na walisema Kifaransa. Mwanamke aliyekaanga mapanki alisema Kiswahili, akafasiriwa kwa mstari mmoja chini ya picha yake, na hakuulizwa tena.

Mchimbaji wa Maniema alipatwa na jambo kubwa kuliko hilo. Tangu miaka ya mwisho ya 2000, kampeni za Ulaya na Marekani zilieneza picha za madini ya damu kutoka Kongo ya mashariki. Mwezi Julai mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni kueleza kama bati, koltani, wolframu na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi Septemba Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Filamu ya Frank Piasecki Poulsen, Blood in the Mobile, iliyopigwa katika machimbo ya Bisie huko Walikale, ilikuwa haijaanza kuzunguka dunia. Yaani hatua iliitangulia filamu iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote katika jambo hilo; picha ndogo ndogo za kampeni zilitosha.

Poulsen ana sifa yake: aliteremka shimoni mwenyewe, kisha akaenda kuwauliza wakubwa wa kampuni ya Nokia. Ila shimo lina umbo la hori la Taiji. Ni mahali pamefungwa, penye giza, penye mtu mwenye bunduki mlangoni, na kamera hupata humo kila inachokihitaji. Haipati humo ada ya shule ya mtoto wa mchimbaji, wala deni lake kwa mnunuzi, wala ofisi ambamo cheti cha asili ya mzigo hubadilishwa jina.

Maniema wakati ule ilikuwa na utulivu kuliko Kivu zote mbili, lakini ikatiwa katika marufuku ile ile. Ilipoondolewa mwezi Machi mwaka 2011, wayeyushaji wa bati wa ng'ambo walikuwa wamejiandaa kuacha, kuanzia Aprili, kununua mzigo usio na vyeti, na vyeti havikuwapo bado. Bati ikakosa mnunuzi wa halali. Dhahabu, ambayo hutosha mfukoni, iliendelea kwenda Bujumbura na Kampala, na kutoka huko hadi Dubai, pasipo mtu wa kuipiga picha njiani.