Kibuyu cha Maji Chini ya Mlima Homa

Ndugu msomaji, jina la mlima lisikutishe. Homa hii si ile ya kumtetemesha mtu kitandani. Ni mlima ulioko ukingoni mwa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Homa Bay, nami, mtu wa Mombasa niliyezoea ardhi tambarare, niliupanda peke yangu kwa siku moja.

Wenyeji wangu wa Kendu Bay walinishauri nichukue kijana wa kunionyesha njia. Nikakataa. Baada ya sala ya Alfajiri nikapanda pikipiki hadi chini ya mlima, na chupa mbili za maji mkobani. Kilele chake kina mita 1,751 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134; basi ni mita kama 600 tu za kupanda. Hesabu ilikuwa sahihi. Mwenye hesabu ndiye aliyekosea.

Mlima Homa ni zao la volkano ya kale, na mengi ya mawe yake ni ya jamii adimu, namna ya chokaa iliyotoka motomoto tumboni mwa ardhi. Miti ya kivuli ni haba; ni miiba, nyasi kavu na changarawe inayokimbia chini ya kiatu. Nilipofika juu, chupa moja ilikuwa tupu na ya pili imebaki nusu.

Adhuhuri ikaingia. Nitawadhe, au ninywe? Dini yetu haimtaki mtu ajiangamize: maji yakihitajiwa kwa kiu, mtu hutayamamu. Nikapiga viganja mchangani, nikaelekea kibla, ambayo huku ni kaskazini ikielemea mashariki kidogo. Mbele yangu ghuba yote iling'aa. Maji tele machoni, kinywani hamna.

Wakati wa kushuka nilifuata njia ya mbuzi nikidhani ni ya watu, ikanitupa korongoni. Maji yakaisha. Sasa nikatetemeka kweli.

Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kuni akaniona. Hakuniuliza kabila wala dini. Aliniita "nyathina", yaani mwanangu, akanichukua hadi kwake, akanipa maji kwa kibuyu. Nilipomtaka radhi kwa kumsumbua alicheka, akanyosha mkono mashariki, liliko ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi. Wajaluo husimulia kuwa pale palikuwa na kijiji. Ajuza mgeni alifika watu wakiwa katika sherehe, akafukuzwa, na mvua ikakizamisha kijiji chote.

"Wataka na kwangu kuzame?" aliniuliza.

Sisi wa pwani husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile aliyepona ni mgeni. Nikirudi tena Homa, inshallah, yule kijana nitamchukua.